Gari ya Mioyo Miwili

Jumatatu, 16 Juni
Nimewasha gari mara tatu. Ya nne ikakubali. Moshi mpaka chumbani. Hadija akakohoa, akatukana ukoo wangu wote, hata shangazi aliyekufa. Mke wangu huyu hajakaa mu gari yangu miaka miwili. Kifua kinakataa. Akienda kwa dada yake kule Gitaza anapanda basi, mimi nafuata nyuma na gari tupu kama mjinga. Inaniuma. Basi.

Jumanne, 17 Juni
Mkwe wangu wa mjini Buja ameniletea gari ya kujaribu mpaka Jumapili. Mtumba, lakini inang'aa. Inakula esansi na umeme pamoja. Nikauliza waya wa kuchomeka iko wapi. Akacheka. Eti inajichaji yenyewe ukikanyaga freni. Nimekanyaga freni asubuhi yote. Majirani wanadhani nimerukwa na akili.

Jumatano, 18 Juni
Sefu mekanisye, fundi wa magari, amekuja kuichungulia. Tulisoma pamoja mpaka darasa la nne. Yeye alifaulu, na hajanyamaza tangu siku hiyo.
"Muzee Rajabu, betri ikikufa utaitupa wapi? Mu Tanganyika?"
Nimejifanya napangusa kioo. Nachukia kukosa jibu mbele ya Sefu. Tena madini ya betri watu wameyachimba kwa mateso. Lakini ile yangu ya zamani inavuja mafuta mlangoni, mvua inayapeleka ziwani. Na esansi niliyotia jana mu hii ya mkwe bado iko. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 19 Juni
Aibu! Akina mama wa Magara wanaanika ndagala, visamaki vya ziwani, ukingoni mwa barabara. Wakisikia gari, wanavuta nyavu zao pembeni. Ile ya zamani waliisikia nikiwa bado mbali. Hii haina sauti. Nimepita juu ya ndagala za Mama Asha.
"Unakuja kimya kama nyoka, we muzee bila haya!"
Nimezinunua zote. Hadija amekula akicheka mpaka machozi. Anasema zina ladha ya tairi. Akaongeza sahani.

Ijumaa, 20 Juni
Mtu wa Kizuka anataka gari yangu ya zamani abebee mawese. Bei tamu. Nimeimba njia nzima. Kufika nyumbani, Hadija akauliza:
"Kwa hiyo moshi unahamia Kizuka? Watu wa kule hawana vifua?"
Nimemchukia dakika kumi. Ana haki.

Jumamosi, 21 Juni
Sefu amerudi, kifua mbele. Buja iko fundi anayefungua betri zilizochoka. Sehemu ambazo bado nzima anazifungia kwenye taa za sola. Zingine? Sefu hajui. Kwa mara ya kwanza, Sefu hajui! Nimempa chai.
Nimemwambia mkwe gari yake inabaki kwangu. Ya zamani tumeanza kuikata, vyuma viende kwa wahunzi wa majembe. Mtu wa Kizuka ananiita kichaa. Sefu alipoingiza msumeno nilienda nyuma ya nyumba. Nikalia kidogo. Nimesema ni vumbi.

Jumapili, 22 Juni
Tumeenda Gitaza. Hadija mbele, kando yangu, kitenge kipya. Hakukohoa.
Njiani tukasimama kupisha ng'ombe. Injini ikanyamaza yenyewe. Tukasikia ziwa. Hadija akanigeukia.
"Kumbe unapumua kwa kelele hivi?"
Nikabana pumzi. Akaniwekea mkono mgongoni, akasema nipumue tu.
Ng'ombe hawakuwa na haraka.