Anayefiwa Hapigi

Jumatatu, 6 Oktoba

Goti la kulia limeamka kabla yangu. Nilipanga leo nimwombe Mkuu wa Bendi anisamehe gwaride, nipige nimekaa kama bwana harusi. Mtu wa miaka hamsini na nne akibeba tuba, lile baragumu nene kuliko yote bendini, watazamaji hawajui nani kambeba mwenzie.

Sikuomba. Mkuu alikuja na nyimbo mbili. Ya kwanza ya furaha, tuipige nchi yetu ikipata kiti kwenye baraza la haki za binadamu la dunia. Kura ni Jumanne ijayo, na wizara imeshaandaa tafrija ya ushindi. Sawa, wenye uhakika wao. Ya pili ni ile ya polepole.

Ile hatujaigusa tangu tulipomzika jenerali mstaafu. Ngoma Kubwa akauliza nani amefariki. (Bendini kila mtu huitwa kwa chombo chake. Mimi ni Tuba. Mke wangu anasema hata bila chombo ningeitwa hivyo.) Mkuu akajibu: mazoezi tu.

Nimepitia gazeti zima. Wakubwa wote wazima, wengine hata wamenenepa.

Basi ni nani? Nchi yetu ina kikosi cha kulinda amani ng'ambo. Na binti yangu, Kitindamimba, yuko huko, anaendesha gari la maji.

Jumanne, 7 Oktoba

Bendi yetu ina desturi: anayefiwa hapigi. Mkuu humjia mtu taratibu, humwekea mkono begani, humwambia "leo pumzika". Basi. Klarineti aliwekewa mkono huo mwaka juzi, kaka yake alipofia kazini. Sisi tukapiga, yeye akasimama na familia.

Kwa hiyo leo mabega yote yalikuwa na adabu. Mkuu akipita kushoto, safu nzima inainamia kulia kama mahindi kwenye upepo. Akamshika Tarumbeta amrekebishie kola tu — jamaa nusura ameze chombo. Mdogo wake yuko kikosi kimoja na binti yangu. Tukacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kikavu, cha kuomba maji.

Nimeamua kutochechemea. Anayechechemea huambiwa apumzike, na mimi neno hilo sitaki kulisikia wiki hii, hata kwa nia njema. Nimetembea kama kijana mwenye viatu vipya. Jioni hii goti limevimba kama puto.

Alhamisi, 9 Oktoba

Waziri kwenye televisheni, tai nyekundu. Anasema nchi yetu ni ndogo lakini imejitwika mzigo mkubwa: watoto wetu wanalinda amani ya watu wasiojua hata tuko wapi kwenye ramani. Kwa hiyo kiti tunakistahili.

Hapo nilikubaliana naye. Siku kikosi kinaondoka nilikipigia mimi mwenyewe pale uwanja wa ndege. Nilipomwona Kitindamimba amepanda ngazi na kofia yake ya buluu, nikakosa nota nne mfululizo. Mkuu alijifanya kiziwi.

Kisha mwandishi mmoja akauliza habari za msafara wa kikosi chetu unaosemekana kuvamiwa. Waziri akasema hali ni shwari, uvumi usituharibie kura.

Sikupenda mwisho wa jibu lile. Aliulizwa msafara, akajibu kura.

Mke wangu akanigeukia. "Umesikia? Shwari."

"Shwari," nikasema.

Asubuhi ya leo Ngoma Kubwa alikuwa ameambiwa aivike ngoma kitambaa cheusi.

Jumapili, 12 Oktoba

Kila Jumapili mtoto hututumia sauti. Ile ya mwisho mama yake ameisikiliza hadi naijua kwa moyo: "Baba, huku mimi ndiyo mvua. Nikikata kona tu, watoto wanakimbia na ndoo. Na usimwambie Mama, lakini nimeshajua kutukana kwa lugha tatu." Mama mwenyewe alikuwa kaniegemea bega, anasikia yote.

Leo hakuna kitu. Mtandao, nikasema. Mtandao, akasema.

Mchana naosha vyombo, akaja akasimama mlangoni.

"Huo wimbo wako."

"Wimbo gani?"

"Unaouvuma wiki nzima. Bafuni, jikoni, mpaka usingizini. Nimeishi kambini miaka ishirini, Baba Watoto. Usinifanye mgeni."

Nikasema ni mazoezi. Neno lile lile la Mkuu, na mimi nimelitoa kwa uso ule ule. Alichukua shuka akalikunja. Akalikunjua. Akalikunja tena.

Kumdanganya mke anayejua nyimbo zote za bendi ni sawa na kujificha nyuma ya kioo.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumeshinda kiti.

Ukumbini watu walikumbatiana kana kwamba wamepiga kura wao. Waziri akasema leo dunia imetutambua kuwa watetezi wa utu. Makofi. Mkuu akainua fimbo, tukapiga wimbo wa furaha, na lazima nikiri tuliupiga vizuri. Miguu yangu yenyewe ilitaka kucheza, huu wenye goti na ule mzima.

Sasa, mpiga tuba kwa watu wa tafrija ni fanicha. Wanaweka glasi karibu naye, wanaongea mbele yake, hawamwoni. Ofisa wa wizara na mwanajeshi mmoja wakaja kusimama ubavuni kwangu wakati wa mapumziko.

Sasa ndege inaweza kuja, akasema wa wizara. Keshokutwa asubuhi.

Mwanajeshi akauliza kama familia zimeambiwa.

Bado. Tulikuwa tunasubiri kura. Wataambiwa kabla haijatua.

Familia. Wangapi, hakusema. Nilitaka kumshika tai nimuulize. Badala yake Mkuu akainua fimbo, nami nikaelekeza mdomo wa tuba masikioni mwao, nikavuta pumzi yote niliyonayo. Wakahama, mmoja kinywaji kimemmwagikia. Huo ndio ushujaa wangu wote.

Tarumbeta akaninong'oneza, mzee, mbona umepandisha sauti hivyo? Nikamwambia furaha. Mdogo wake yuko kule. Ningemwambia nini?

Jumatano, 15 Oktoba

Nimemfuata Mkuu stoo ya vyombo. Nikamwambia nilichosikia. Hakushtuka, alivua kofia tu.

"Afande, ni nani?"

"Tuba, ningejua ningekuwa nalala."

Kumbe naye kapewa wimbo tu, majina hakupewa. Atayapata kesho uwanjani, dakika za mwisho, ili ajue nani asipige. Nikamwambia hiyo si haki. Akasema haki tumeipatia kiti jana, tungoje ikae vizuri. Hakucheka. Nami sikucheka, ingawa siku nyingine ningeuiba utani huo niutumie nyumbani.

Nikiwa mlangoni akaniuliza, goti vipi?

"Goti gani?" nikasema, nikatoka nimenyooka kama mlingoti.

Nyumbani nimemweleza mke wangu kila kitu. Nilidhani atalia, au atanigombeza kwa siku zote hizi. Aliwasha pasi. Alinyoosha sare yangu, mshono kwa mshono, akaingiza bandeji ya goti kwenye mfuko wa koti.

"Kesho," akasema, "kama si yeye, nipigie."

"Na kama —"

"Hapo usinipigie. Njoo."

Alhamisi, 16 Oktoba

Naandika ndani ya basi la bendi, kwa penseli ya kuwekea alama kwenye nota.

Tulijipanga mapema. Nyasi zina umande, viti vya wageni vina vitambaa vyeupe. Waziri amefika, leo tai nyeusi. Mke wangu hajapiga simu. Walisema familia zitaambiwa kabla ndege haijatua, na ndege tayari inaonekana, inazunguka. Basi ukimya wake nikauweka upande wa heri.

Ofisa mmoja akamwita Mkuu kwenye hema. Hakukaa sana humo. Alipotoka, hakuna aliyeinamia popote. Tulisimama tu.

Akaanzia mbele. Akampita Klarineti. Akafika kwa Tarumbeta, aliyekuwa amefumba macho, akampita pia. Nikasikia pumzi ya yule kijana ikitoka yote kwa mkupuo. Nilifurahi kwa ajili yake, naapa. Kisha nikaona viatu vya Mkuu vimesimama mbele ya vyangu.

"Tuba. Hilo goti."

"Zima kabisa, Afande." Nikapiga hatua mbili mbele na mbili nyuma, tuba begani, nimuonyeshe. Sikuchechemea hata chembe.

"Leo pumzika."

Tarumbeta akadakia haraka haraka: kweli, Afande, mzee anaumwa goti tangu wiki jana, sote tumemwona, alikuwa anajikaza tu. Ngoma Kubwa naye: ndiyo, ndiyo, goti. Sijapata kuwa na goti lenye mashahidi wengi hivyo.

"Goti," akasema Mkuu.

Mkono hakuniwekea. Niliuangalia sana ule mkono. Alikuwa ameurudisha nyuma ya mgongo, ameushika kwa mwenzake. Bila mkono si desturi. Bila mkono ni goti tu. Nimelirudia hilo njia nzima mpaka kwenye basi.

Tuba yangu iko kwenye nyasi, peke yake, imelala ubavu.

Ndege imetua. Wimbo wa polepole umeanza, na kule chini, kwenye sauti ya tuba, pana pengo. Nauvuma mimi huku nikiandika. Simu iko gotini. Kama si yeye, nipigie. Namba ya mke wangu naijua kuliko jina langu, na kidole hakitaki.

Dereva wa basi amegeuka. Ameuliza njia ya kwetu ni ile ya hospitali au ya sokoni.

"Nani kakwambia nakwenda kwetu?"

"Mkuu," akasema. "Kwa sababu ya goti, mzee." Macho ameyatoa kwangu, ameyapeleka dirishani.

Nimelinyoosha goti. Nimelikunja. Nimelinyoosha tena.

Haliumi.