Verni ya Zambarau Juu ya Nyekundu

Bukavu, Kadutu, tarehe 4 Februari 2024

Yaya Domitille, dada yangu mkubwa,

Jambo kutoka nyumbani. Baridi ya Liège inakuachia nafasi ya kupumua? Na shemeji Apollinaire, na watoto, wako wazima? Sisi tuko. Maman magoti yanamsumbua akipanda kutoka sokoni, lakini mdomo wake hauna ugonjwa, bado anatugombeza wote. Mvua inapiga, udongo unateremka, umeme unakuja ukipenda. Ndiyo hali.

Sasa nifike kwenye jambo. Parokia yetu inatengeneza kitabu cha nyimbo kwa ajili ya yubile. Nyimbo za marehemu Papa yetu zimo zote, hata "Tumefika Mlangoni", na chini ya kila moja wameweka jina la baba mkwe wako, Tonton Bruno. Nilikwenda kumwona, kwa adabu. Alikuwa makamu wa Papa katika kwaya miaka yote ile, anajua vizuri nani alitunga nini. Akanijibu mbele ya watu: "Papa yako alikuwaka anaandika mu mashini. Basi leta mashini iimbe, tutasikia." Wakacheka. Yaya, nilitoka pale masikio yananiwaka kwa hasira.

Basi nimeishusha ordinateri ya Papa kutoka juu ya kabati, ile kompyuta aliyoachiwa na padri wa Katana, pamoja na lekteri yake, lile sanduku linalomeza disketi. Ordinateri yenyewe inawaka na sauti inatoka. Lekteri ndiyo imekufa, na nyimbo zote, alizoziandika Papa noti kwa noti ili mashine izipige, ziko kwenye disketi. Mimi natengeneza redio na simu, lakini kwa mashine hii wewe ndiye ulikuwa mkono wa Papa. Nisaidie. Maman anataka kusikia ile sauti ya tatu ambayo Papa alimtungia yeye peke yake. Tangu Papa afariki hajaiimba, na kwaya haijawahi kuijua. Padri Modeste amenikubalia: kitabu hakiendi kuchapwa kabla ya Pentekoste.

Wasalimie wote.
Mimi mdogo wako,
Évariste

—

Liège, 3 Machi 2024

Mdogo wangu Évariste,

Pokea salamu zetu nyingi. Sisi ni wazima, watoto wamekua, wanakula mpaka naogopa. Mwambie Maman apake mafuta ya moto kwenye magoti na aache kubeba unga mwenyewe, hata akikugombeza. Na wewe, utaoa lini? Au unangoja redio zikupikie?

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni. Apollinaire akaniuliza nani amekufa. Évariste, kwa nini unafukua haya? Papa hakutunga kwa ajili ya jina. Tonton Bruno ni mzee sasa. Ukimwaibisha huko Bukavu, mimi ndiye ninayelala katika familia yake. Hilo umelifikiria?

Lakini najua kichwa chako kigumu. Maman Adolphine, jirani yangu wa hapa, anakuja huko, nimempa mkanda mpya wa mpira wa lekteri pamoja na disketi moja ya kiwanda, ya mchezo wa dukani. Mkanda wa zamani lazima umegeuka lami. Toa uchafu wote kwa spiriti, polepole, na kichwa cha kusomea ukifute kwa pamba. Ila mota inayosogeza kichwa, na zile skrubu zake, usiguse kabisa. Iko sawa. Kisha anza na disketi ya kiwanda. Ikisoma hiyo, halafu za Papa zikakataa, ujue za Papa zimeoza. Hapo uache, umwache marehemu apumzike. Uniahidi.

Yaya yako anayekupenda,
Domitille

—

Bukavu, 7 Aprili 2024

Yaya wangu mpendwa,

Salamu za Pasaka, hata kama zimechelewa. Maman amekula sungura mzima karibu peke yake, kwa hiyo usihangaike juu ya afya yake.

Kifurushi kilifika. Mkanda wa zamani kweli ulikuwa lami, umeganda kwenye magurudumu. Nimeukwangua kwa kijiti cha kiberiti ili nisijeruhi chuma. Panya walikuwa wameweka kiota upande wa transfoma. Nikafuta reli za kichwa, nikatia tone la mafuta ya cherehani, nikavalisha mkanda mpya. Umeme ulipofika nikaingiza disketi yako ya kiwanda. Yaya! Taa nyekundu ikawaka, mota ikazunguka, mchezo ukafunguka. Nilipiga kelele hata jirani Virginie akaja akidhani tumeibiwa.

Maman akaenda kuvaa kitenge cha kwaya. Ndiyo, kile cha zamani. Akakaa kwenye kiti mbele ya ordinateri kama anangoja kutoa somo kanisani. Nikaingiza disketi ya kwanza ya Papa. Kichwa kikagonga, kikagonga, kikakataa. Ya pili vilevile. Zina ukungu, na nilipofungua lekteri nikakuta unga wa kahawia kwenye kichwa: kila jaribio linakwangua wimbo wenyewe. Nimeishia hapo. Ile ya "Tumefika Mlangoni" sijaigusa. Maman akaniuliza tu, "Papa yenu amekataa kuimba?" Nikamwambia disketi zimeoza. Akavua kitenge, akakikunja.

Skrubu sikugusa, kama ulivyosema. Nimeona tu zina verni, ile rangi ya kucha, ya zambarau juu ya ile nyekundu ya zamani. Nafikiri Papa aliishiwa na ile ya Maman. Yaya, kuna njia nyingine? Pentekoste inakuja mbio, na Tonton Bruno ameanza kuniuliza njiani kama mashine inaimba.

Mimi mdogo wako,
Évariste

—

Bukavu, 28 Aprili 2024

Yaya,

Nakusalimia, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Hujajibu. Nimekupigia, simu inalia tu.

Unaukumbuka mchezo wa ndege aliotuletea Papa kutoka Kigali? Lekteri iliukataa. Ulilia wewe, nikalia mimi. Papa akatueleza kwamba lekteri yetu ilikuja ikiwa imepinda: haisomi disketi za dukani, inasoma tu yale iliyoandika yenyewe. Akasema hatainyoosha kamwe, kwa sababu siku ikinyooshwa nyimbo zake zote hazitasomeka tena. Ndipo akachukua verni nyekundu ya Maman, akadondosha juu ya skrubu za mota ili zisisogee. Kazi ya kudondosha verni baadaye akakuachia wewe. Ulikuwa huwezi kufunga skrubu yoyote bila kuipaka, hata ya pasi ya Maman.

Sasa niambie. Lekteri iliyokataa mchezo wakati ule, leo imekubalije mchezo? Kuna mtu ameinyoosha. Na Papa hakuwahi kuwa na verni ya zambarau. Zambarau ilikuwa rangi ya harusi yako, nguo, maua, kucha za wasimamizi, kila kitu. Wiki ile kabla ya harusi ulijifungia katika chumba cha Papa, ukatuambia unasafisha vitu vyake. Tonton Bruno alikuwa ameketi sebuleni akikungoja umalize, na Maman alimwekea chai.

Nilitaka iwe mtu mwingine. Nimetafuta mtu mwingine siku nzima, nikashindwa.

Kinachoniuma zaidi si skrubu. Ni ile disketi ya kiwanda. Uliinunua, uliifunga vizuri, ukampa Maman Adolphine, ili lekteri isome na mimi niamini kwamba kazi ya Papa imeoza. Ulinifanya nimwambie Maman kwa mdomo wangu. Mimi niliyekuandikia kwa furaha, na wewe ukijua. Tonton Bruno hakunisaliti, yule si ndugu yangu. Wewe ulinibeba mgongoni nikiwa mtoto.

Ungeweza kuzichoma zile disketi. Hukuzichoma. Sijui kama hilo lanipoza au laniumiza.

Sikuulizi kwa nini. Nauliza jambo moja, kwa sababu disketi ile haitavumilia kubahatisha: mota uliizungusha upande gani, na kwa kiasi gani? Padri Modeste anakuja kusikiliza mkesha wa Pentekoste.

Évariste, mdogo wako bado

—

Ujumbe wa simu, 15 Mei 2024

Kushoto, mdomo wa lekteri ukikutazama. Unene wa ukucha, si zaidi. Irudishe kulia.
Usimwambie Maman.
D.

—

Bukavu, 20 Mei 2024

Domitille,

Nililegeza skrubu. Niliirudisha mota kulia, unene wa ukucha.

Padri Modeste alikuja, na watu wa kwaya, na Tonton Bruno naye akaja, kofia mkononi, akasimama mlangoni. Nadhani alikuja kucheka. Kichwa kiligonga mara moja, kikanyamaza, nikafikiri imekwisha. Halafu kikaanza kutembea. "Tumefika Mlangoni" ikatoka kwenye spika, sauti ya kwanza, sauti ya pili, hizo ambazo kila mtu anazijua. Sauti ya tatu ilipoingia watu wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuisikia. Padri akamgeukia Tonton Bruno, akamwomba aiimbe basi, kwa kuwa wimbo ni wake. Tonton akatazama kofia yake.

Maman ndiye aliyeimba. Alikuwa amekaa, hakusimama kwa sababu ya magoti. Alianza chini sana, akakosa pumzi katikati, akaipata tena. Aliimba hadi mwisho bila kukosea neno, na mashine ya Papa ikimfuata. Nimelia mbele ya watu wote na sijali. Kitabu kitachapwa na jina la Papa, Jean-de-Dieu.

Sikumwambia Maman. Walipoondoka, nilikuwa nafunga lekteri. Akasogea, akavaa miwani, akatazama zile skrubu. Chupa ya zambarau ni yeye aliyekununulia, alizunguka soko zima akitafuta inayofanana na nguo yako. Akauliza, "Alikufundisha namna ya kuirudisha?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi yeye iko bado mutoto yangu. Lakini alinikatia sauti miaka yote hii, na alikuwa anajua."

Kisha akaingia chumbani, akatoka na chupa yake nyekundu, mpya. Amezipaka skrubu mwenyewe, akapuliza mpaka zikakauka.

Ameniambia nikuandikie kwamba zimefungwa. Maman anakusalimia. Mimi bado.

Évariste