Upande Wangu wa Sinia

Bondeni, Nakuru
Siku ya arubaini yako

Ndugu yangu Sudi,

Kosa la watu wengi ni kupima afya kwa macho. Wakimwona mtu amekonda, wanasema ana njaa, wanamwongezea wali. Wakimwona mtu ana kitambi, wanasema ameneemeka, na huyo pia wanamwongezea. Mimi na wewe tulilijua kosa hilo. Tulilicheka, kisha tukaligeuza pazia la kujifichia. Leo nimelishusha pazia hilo mbele za watu, bila ruhusa yako, na mkono unaoandika bado unatetemeka.

Usiseme ni tumbo. Nimekwisha kujilaza, nimekwisha kutafuna kipande cha sukari guru. Huu ni mtetemeko mwingine.

Barua hii itasomwa na mtu mwingine, na mwishoni nitamtaja. Kwa ajili yake niruhusu nieleze mambo unayoyajua. Unakumbuka ulivyokuwa ukiniambia: "Mwalimu, wewe ukiulizwa saa, unaanza na jinsi jua linavyochomoza." Basi ngoja lichomoze.

Nilikuwa na vidonda vya tumbo kwa miaka mingi. Siku moja nilitapika damu darasani, chaki ikiwa mkononi. Nikapelekwa Nairobi kwa treni, na daktari akakata zaidi ya nusu ya tumbo langu. Alinieleza kwa kuchora kwenye karatasi, nami nikakielewa kile mchoro kwa mfano wa mji wetu. Tumbo ni kama chumba cha kungojea pale stesheni. Abiria wanaingia kwa pamoja, lakini wanaruhusiwa kutoka wachache wachache. Mimi chumba changu kimebomolewa. Chakula kikiingia kingi, chote kinakimbilia behewa moja kwa mara moja. Hapo moyo unapiga mbio, jasho linatoka, macho yanaona giza, na mtu mzima anatafuta mahali pa kulala kama mlevi. Kitu kitamu ndicho kibaya zaidi. Kisha baada ya saa mbili hivi hugeuka: sukari mwilini hushuka, mikono hutetemeka, na hapo utamu kidogo ndio dawa. Kitu kilekile, saa hii sumu, saa ile tiba. Nani atakayekuelewa ukimweleza hayo huku ameshika upawa?

Kwa hiyo ninaishi kwa kibakuli. Mara sita kwa siku, vijiko vichache, chakula kikavu. Maji ninayanywa peke yake, mbali na chakula. Nikimaliza ninajilaza. Kila mwezi ninachomwa sindano ya dawa iliyotokana na maini ya ng'ombe, maana tumbo lililokatwa haliwezi tena kulinda damu. Nikichelewa, ulimi unakuwa laini na kuuma kama kidonda na nyayo zinakufa ganzi. Ugonjwa huu hauponi. Unakaa nao, kama unavyokaa na mpangaji mkorofi mwenye haki ya chumba chake.

Wewe uligundua kabla sijasema. Nilikuletea suruali uipunguze, na baada ya miezi michache nikakuletea ileile. Ukazungusha utepe kiunoni mwangu mara mbili, ukaniangalia juu ya miwani. "Mwalimu, kiuno hiki umekiazima wapi?" Nikasema ni kazi nyingi. Ukakata uzi kwa meno, ukaanza kushona.

Halafu ikaja ile Idi nyumbani kwako. Nilikula kama wanaume wengine, nikashushia na sharubati. Dakika chache tu nikaanguka ubavu juu ya mkeka. Sauti ninaisikia mpaka leo, mtu akisema upande wa mlangoni: "Kalishwa kitu huyo." Na Bi Zuhura, mkeo, amesimama na mwiko mkononi, uso umembadilika. Aliyepika ni yeye. Wewe ukapaza sauti: "Kalishwa nini! Kakesha na madaftari ya watoto wa watu, hajalala siku tatu." Ukanibeba mpaka chumbani. Hapo ndipo nikakufungulia shati, ukaona kovu kutoka kifuani mpaka kitovuni.

Nilikuomba usimwambie mtu. Niliogopa mambo mawili. La kwanza, mwalimu mgonjwa hastaafishwi kwa heshima, anaondolewa. La pili nilikuwa naona haya. Wanaume wa rika langu walikuwa wakisema mtu aliyepasuliwa ni nusu mtu, na mimi niliwahi kusema hivyo juu ya mwingine.

Ukafikiri kidogo, kisha ukasema, "Basi nitakaa kulia kwako." Sikuelewa mpaka karamu iliyofuata.

Huyo atakayesoma anazijua desturi zetu, lakini huenda hajawahi kuziangalia kama mgonjwa anavyoziangalia. Sinia ni moja, watu sita au saba. Kila mmoja anakula mbele yake. Mkubwa ndiye anayeanza, na hakuna anayenyanyuka kabla yake. Nyama nzuri husukumwa upande wake. Kwa hiyo chakula kilichobaki mbele ya mzee ni ushahidi. Kikibaki kimesimama kama ukuta, wenye nyumba watauliza wamekosa nini. Nami tangu mvi ziniote nimekuwa mkubwa wa kila sinia ninaloketi.

Wewe ukavunja adabu kwa makusudi. Mkono wako ulivuka mpaka, ukachota kwangu, tonge baada ya tonge, mpaka upande wangu ukawa mweupe. Watu wakakusema. "Sudi, mbele yako hapakutoshi?" Ukawajibu kinywa kimejaa: "Mwalimu anakula kama anasahihisha mtihani. Pilau itapoa!" Wakacheka. Wakakuita mlafi mbele ya wanao, mazishini, arusini, katika Maulidi, miaka sita. Ukalibeba jina hilo kama unavyobeba jora la kitambaa begani, bila kuinama.

Nami nikanyamaza. Nilikuwa nimeshiba kwa vijiko vitatu, na heshima yangu imetimia.

Mwaka wa mwisho kabla ya huu, uliweka chupa ya maji chini ya cherehani. Ukawa unainywa na kuijaza tena, unatoka nje kila mara. Nikakutania, "Fundi, umekuwa injini ya moshi, kila stesheni lazima utiwe maji." Mungu anisamehe. Mimi ninayejua kueleza kila kitu, sikujiuliza lolote. Kisha kidonda kwenye kidole cha mguu, pale unapokanyagia cherehani. "Kidonda kidogo tu, Mwalimu." Kikawa cheusi. Ukapelekwa hospitali siku ambayo upepo ulileta vumbi la magadi kutoka ziwani, mji mzima ukawa mweupe. Hukurudi.

Wiki mbili baadaye nilikwenda mlangoni kwako kuuliza habari za hitima. Bi Zuhura yuko edani, akazungumza nami nyuma ya pazia. Akapitisha kadi chini ya pazia. "Shemeji, nisomee hii. Sudi alisema ni kadi ya kidonda, lakini mimi niliiona kwake kabla ya kidonda."

Niliisoma kwanza kimya. Ilikuwa kadi ya hospitali ya miaka miwili nyuma. Ugonjwa wa sukari. Apunguze uzito. Asile wali mwingi, asile vya sukari, ale kidogo kidogo. Sudi, ulipewa amri ileile niliyopewa mimi! Sote wawili tuliambiwa tule kidogo, na wewe ukala cha watu wawili.

Nikamsomea mkeo. Akasema, "Sasa alikuwa akila vile kwa nini? Alitaka kuniacha?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelishika pamoja na kadi. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye," nikaaga, nikaondoka. Mwalimu mzima. Siku ishirini na sita nimeishi na sentensi hiyo, na hakuna kibakuli kilichoteremka vizuri.

Sasa nikuambie ya leo asubuhi.

Tulisoma juzuu zetu, tukamaliza, dua ikasomwa. Uwanja wako ulijaa. Masinia yakaletwa. Nikaketi, nami nimekwisha kupanga moyoni: nitakula tonge tano polepole, kisha nitasingizia safari ya chooni. Mara ndugu yako Athumani, aliyefika jana kwa treni kutoka Naivasha, akaja akaketi kulia kwangu. Unajua alivyo, ni wewe mwenyewe, mwili uleule, kicheko kilekile. Akaniinamia sikioni. "Kaka aliniagiza hospitalini. Alisema, nikae kulia kwa Mwalimu, nile upande wake, nisiulize."

Sudi. Ulikuwa unakufa, ukafikiria upande wangu wa sinia.

Nilitaka kulia, lakini sikupata nafasi, kwa sababu niliona kitu. Athumani alikuwa amekuja na chupa. Aliiweka karibu na goti, akanywa kabla ya bismillahi, akanywa tena. Nikamuuliza chini chini, "Unasikia kiu?" Akacheka: "Tangu mfungo uishe, Mwalimu. Mimi na maji ni ndugu." Huku mkono wake umekwisha kuvuka mpaka, unachota kwangu.

Ningeweza kunyamaza. Ningemaliza karamu kwa heshima, upande wangu mweupe kama kawaida. Watu walikuwa wananitazama nianze. Moyo ulikuwa unapiga mbio na sijala hata punje.

Nikamshika kifundo cha mkono. "Athumani, toa mkono wako."

Akadhani nimekasirikia adabu yake. Watu wa sinia letu wakageuka, kisha wa la pili, kisha uwanja wote. Nikasema kwa sauti ya darasani, kwa sababu nyingine sina. Nilisema tumbo langu lilikatwa Nairobi. Nilisema siwezi kula zaidi ya mtoto. Nilisema marehemu hakuwa mlafi hata siku moja, alikuwa akila chakula changu ili mimi nisiaibike, na wakati huo daktari alikuwa amemkataza. Nilisema Idi ile hakuna aliyenilisha kitu, mikono ya mpishi ilikuwa safi, na nilipaswa kulisema siku ileile.

Nikasikia kijiko kikianguka huko jikoni.

Kisha jirani yako mzee, yule anayeuza kahawa, akasema, "Kumbe! Miaka yote tumemsingizia Sudi, na mlafi wa heshima alikuwa Mwalimu." Wachache wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ni kweli. Wengine walikuwa wanafuta macho kwa mikono ya kanzu. Mmoja aliniangalia kama mtu aliyemwibia, naye namwelewa.

Tukiwa katika hali hiyo, binti yako mkubwa akatoka ndani na kibakuli. Kidogo, kile cha maua ya buluu ulichokuwa ukitilia vifungo. Vijiko vitatu vya wali, mkavu, bila mchuzi, na kipande cha kuku kisicho na mafuta. Akakiweka mbele yangu. "Mama amesema ule hiki." Akarudi ndani.

Sijui kama ni msamaha au ni karipio, Sudi. Bi Zuhura hajasema nami na sitamharakisha. Nilikula mbele ya watu wote, polepole, nikatafuna mpaka mwisho. Kisha nikasema, "Sasa nakwenda kulala," nikajilaza pale pale barazani, kiganja chini ya shavu, watu wakiendelea kula. Wewe hukuwahi kuniona nikifanya hivyo. Ni mara ya kwanza tangu Nairobi kula bila woga.

Lakini Athumani amekataa kwenda kupimwa. Nimemwambia mara tatu kabla ya adhuhuri. Anasema, "Mwalimu, mimi nina afya, nitazame." Nimtazame! Anasema atakwenda hospitali akirudi Naivasha, baada ya kupumzika, baada ya mambo kutulia. Maneno yako yaleyale, kwa sauti yako ileile.

Ndiyo maana barua hii haiji kwako. Udongo wako hauna mlango wa posta. Nitaikunja nimpe yeye mkononi, aisome mbele yangu.

Kwaheri, ndugu yangu. Ulinifunika miaka sita, sasa lala bila kufunika mtu. Ninakuahidi haya: kila sinia atakaloketi Athumani nami nipo, nitakaa kulia kwake, wala sitanyamaza. Na kila mwezi nikienda kuchomwa sindano yangu, tutakwenda wawili.

Athumani, umefika hapa. Treni yako ni kesho, na dresa, yule msaidizi wa daktari, yuko hospitalini mpaka saa kumi. Weka chupa hiyo chini, vaa viatu, nenda ukapimwe sukari ya mkojo leo.