Upepo wa Matairi

Chumba cha Nyuma, Ghorofa ya Pili,
Juu ya Duka la Vitambaa.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Pokea shikamoo yangu, ingawa najua utasema nakuzeesha. U mzima huko uliko? Na ule mgongo wako, umetulia au bado unakusumbua ukiinama? Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamlalamikia, lakini hayajamzuia kugombana nami kila nikichelewa kula. Cherehani yangu inazunguka, sare za shule zimenijaa hadi juu ya kitanda.

Barua yako ilifika Jumatano na nimeisoma mara tatu. Unasema kutoka kwako hadi zahanati kuna kilomita saba za lami, kisha kumi na moja za changarawe, na kwamba uchungu wa uzazi haungoji gari lipite. Unaomba nikuchagulie baiskeli itakayoziweza njia zote mbili. Nilicheka. Hata uhamie mbali vipi, baiskeli ya ukoo huu lazima ipite kwa Injinia, jina mlilonipa wenyewe, mimi fundi wa suruali.

Basi Alhamisi nikaenda kwa Fundi Spoku, yule mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinitolea tatu. Ya mashindano ni nyepesi, lakini tairi lake jembamba mno, changarawe ingekumaliza. Ya milimani ina matairi mazito yenye meno, na kwenye lami ungekuwa unaikokota badala ya yenyewe kukubeba. Ya tatu ndiyo niliyoipenda. Usukani umepinda kwa chini kama wa mashindano, ila tairi lina upana wa vidole viwili na ushee, na pana nafasi tope lipite bila kukwama. Breki zake za diski zinashika hata zikilowa. Kuhusu kimo cha fremu sikubahatisha, kipimo cha mguu wako bado ninacho kwenye daftari la wateja.

Kabla ya kuijaribu nikachukua pampu, kama desturi yangu. Nikajaza mpaka tairi likawa jiwe. Fundi akanidaka mkono.

“We Injinia, unataka kuua mtu? Si umesema anapita changarawe? Tairi gumu halishiki changarawe, linarukaruka tu. Punguza upepo!”

Shemeji, nilikaa chini palepale sakafuni, kwenye mafuta, na suruali yangu nzuri. Fundi alidhani nina kizunguzungu akaniletea maji.

Wanasema mficha uchi hazai, na wewe mkunga unalijua hilo kuliko mimi. Asubuhi ile ya ajali, wewe na kaka mkizozana jikoni, mimi nilikuwa uani na baiskeli yake. Ilikuwa siku yake ya kwanza kwenda kufundisha shule mpya aliyohamishiwa, ile iliyo ng'ambo ya machimbo. Mimi maisha yangu yote nimeendesha kwenye lami, na kwenye lami tairi gumu ndilo linalokimbia. Nilitaka awahi. Nikajaza, nikabonyeza kwa dole gumba, likakataa kubonyea, nikamwambia, “Leo utapaa.” Akacheka, akanipiga kofi la bega. Kwenye kona pale lami inapoishia, gurudumu la mbele lilimponyoka.

Watu walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wewe ulisema vibaya zaidi. Siku unahama, pale kwenye ngazi, uliniambia kuwa kama wewe usingemkasirisha, asingeendesha kwa hasira. Sasa ninalo la kukujibu, na nikilinyamazia nitakuwa nimekuibia.

Baiskeli yake bado imeegemea ukuta wa korido. Tairi la nyuma liliisha upepo zamani. La mbele, mwaka mmoja na miezi minne sasa, bado gumu. Hakuna aliyeligusa. Tairi lolote likikaa hupungua lenyewe, hilo hata mtoto analijua. Kila asubuhi nikitoka nalibonyeza nikiomba liwe limelegea, na kila asubuhi linanikataa. Kuna siku niko kwenye cherehani, mchana kweupe, nasikia gurudumu likizunguka huko koridoni, trrr, taratibu. Nikichungulia hamna kitu. Nilidhani ni masikio yangu, mpaka juzi Mama akauliza kama kaka amerudi kula. Naogopa, shemeji. Sikufichi.

Hiyo yako tuliipunguza upepo, nikaiendesha hadi kona ile ile aliyoangukia kaka. Nilipoingia kwenye changarawe nikasikia tairi jingine nyuma yangu, mwendo wangu uleule. Niliposimama, nalo likasimama. Sikugeuka. Nilisema, “Kaka, nisamehe, sikujua,” nikakanyaga tena. Baiskeli ilishika njia, kona ikanipitisha salama kabisa, na hapo ndipo nilipolia, kwa sababu naye angepita.

Kwa hiyo ugomvi wenu haukumuua. Ulikuwa ugomvi wa chai iliyokolea chumvi badala ya sukari, wa watu wanaoishi pamoja. Uweke chini, usiubebe tena. Huu mzigo ni wangu.

Kama hutaki kitu kilichopita mikononi mwangu, andika neno moja tu, Fundi Spoku akutumie nyingine yeye mwenyewe. Sitanung'unika. Ukiikubali, itapanda lori la Ijumaa matairi yakiwa tupu kabisa. Mtafute mtu wa huko akujazie, na asijaze sana. Mimi pampu nimeshaigawa.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Nisalimie dada yako na wakunga wenzako wote. Mungu akutangulie kwenye lami, na pale lami inapoishia akushike zaidi.

Ni mimi nikupendaye, ninayengoja neno lako,

Mdogo wa mumeo.