Mtaa Uliouona Jumapili

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye sufuria, kipashe moto tu. Watoto wakitoka shule wapitie kwa shangazi yao.

Asubuhi nimerudi kutoka zamu ya usiku hospitali, hata viatu sijavua, unaniambia umeshamkubalia mwenye nyumba kuwa tunahamia kwake. Eti mtaa umetulia. Uliuona Jumapili, mume wangu. Nyuma ya ukuta wa nyumba ile kuna mafundi wa kuchomelea mageti, na Jumapili hufunga. Mimi usingizi wangu ni mchana, siku za kazi.

~~Hamia peke yako.~~

Nimechukua funguo za kule kwenye koti lako, na mto wangu. Naenda kulala kule leo, sakafuni. Nikipata usingizi, tunahama na sisemi neno. Ukirudi ukanikuta hapa macho mekundu, usiniulize. Mrudishie mwenye nyumba funguo zake.

Mama Watoto, macho makavu bila usingizi tangu jana