Maji ya Tangi na Arobaini Yako

Mwalimu Somoe,

Sitakuuliza hali. Nitakueleza ya huku, maana tangu tukuzike sijapata mtu wa kugombana naye kwa raha. Nakaa, nasimama, nakwenda mpaka shuleni, narudi. Mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Miche yako ya mikuyu iko hai. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza. Watoto wa klabu ya mazingira bado wanakinga maji ya kunawia mikono kwenye beseni, wanaipelekea miche kikombe kwa kikombe, kama ulivyowafundisha. Ya tangi la mvua wanayachota kwa kipimo. Kisima cha hapa Mnero kimebaki tope.

Lakini nusu ya tangi iliondoka siku ya msiba wako. Wageni walijaa, masufuria yakainjikwa, na mwenyekiti wa kamati ya shule akafungua bomba bila kumwuliza mtoto hata mmoja.

Arobaini ilipokaribia wakarudi. Mjomba wako alikuja kwenye kikao cha kamati kuomba tangi lifunguliwe tena. Na ziara ya klabu, ile uliyoipigania, ilikuwa imeshapangwa: watoto waende Chinongwe, huko Ruangwa, kwenye chemchemi ambayo wanakijiji wameihifadhi, waulize wamefanyaje, wapande miche yao pale. Maji yaliyobaki yalitosha miche mpaka siku ya safari. Hayakutosha miche na pilau.

"Watoto waende Ruangwa kuangalia maji?" mwenyekiti akacheka. "Basi mwakani tuwapeleke wakaangalie chakula!"

Nikalipuka, unanijua. Nikasema sisi ni watu wa ajabu: kisima kikikauka tunasoma dua, mtoto akitunza maji tunamfungulia bomba. Nikasema heshima inayolipwa na mtoto asiyeulizwa ni unyang'anyi uliovaa kanzu. Mjomba wako akasimama kwa mkongojo wake. "Baba Zuhura, marehemu alikuwa rafiki yako. Leo unamnyima maji?"

Somoe, hapo nilikutafuta. Wewe ndiye uliyekuwa ukinivuta shati: "Kaa chini, umeshawachoma, waache wapoe." Nikageukia kiti chako cha kamati. Pale amekaa mtu mwingine, kijana mstaarabu tu, hana kosa. Nilimchukia kwa muda.

Akasimama Asha, mwenyekiti wa klabu, yule wa darasa la sita anayemeza maneno akiogopa. Safari hii hakumeza. "Shikamoo babu. Sisi kila asubuhi tunakuja shule na dumu la maji kutoka nyumbani. Kwenye arobaini ya mwalimu, wageni nao waje na madumu."

Wazee wakaguna. Mgeni abebeshwe maji kwenye arobaini? Tangu lini? Halafu mama mmoja nyuma akasema, "Na mwenyekiti alete mawili, si ana pikipiki!" Watu wakaangua kicheko. Mjomba wako alicheka mwisho, huku anafuta macho, na siku hiyo hiyo akatuma habari kwa wageni mpaka Nanganga: kila mtu na dumu lake.

Leo tumekusomea dua ya arobaini. Wamekuja na madumu kichwani, kwenye baiskeli, kwenye bodaboda. Wengine walinuna, wakasema familia yako imealika watu kwa masharti. Waache wanune, walikula. Mwenyekiti alileta moja. Tangi halikuguswa.

Ningetulia sasa, sivyo? Sijatulia. Nimezunguka ua wenu mzima natafuta wa kumwambia tumeshinda. Nikamwambia mtu mmoja, akaitikia "Alhamdulillahi," akaendelea kula. Hakuna aliyebisha, Somoe. Sijui naumwa nini, ila naumwa hapo.

Jumamosi tunakwenda. Lori la korosho limepatikana, dereva amekubali kulifagia. Nakuahidi mawili. Mvua zikikatika nitarudi Chinongwe kila mwaka kuangalia mikuyu yako, na nikikuta ng'ombe wa mtu ndani nitagombana naye kwa niaba yako. Na Jumamosi, kwenye chemchemi, nitafunga mdomo watoto waulize wao.

Hilo la pili Asha haliamini. Ameshanipangia nafasi: nyuma kabisa ya lori, nimekumbatia miche isidondoke.

Mungu akupumzishe, rafiki yangu. Mimi bado.

Baba Zuhura