Kwaya ya Saa Tatu Asubuhi

Mjukuu wangu Mwakio,

Bwana asifiwe. Huku Voi tu wazima. Goti la babu yako limepoa, na kunde tumevuna kidogo.

Umeniuliza kwa nini kikundi chenu mnakubaliana mkutanoni, kisha hakuna anayefanya kazi. Yalinipata hayo nikiwa msichana kule Wundanyi, kiongozi wa kwaya ya vijana. Nilipanga mazoezi Jumamosi saa tatu asubuhi. Wote wakasema, "Sawa, dada." Wakaja wanne. Mchungaji akaniambia hali ikibaki hivyo, ataivunja kwaya.

Kwetu, majani ya ng'ombe yalikatwa na kaka yangu. Jumamosi moja asubuhi akaugua, nikaenda mimi. Narudi na mzigo kichwani umenifunika uso, nikawafikia wenzangu wa kwaya, nao na mizigo yao ya majani. Mkawasi, mwimbaji wetu hodari, hakunitambua. Akasema, "Saa tatu asubuhi? Kwani ng'ombe wa kwao hula nyimbo?" Wakacheka sana.

Nikatua mzigo, wakaniona.

"Mkawasi, mbona hukuniambia?"

"Ulituuliza lini, dada? Wewe ulitangaza tu."

Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Nikawauliza saa inayowafaa, nikawaacha waamue. Wakasema jioni, wote kwa pamoja.

Jumamosi iliyofuata jioni kanisa lilijaa vijana wenye vipande vya majani kwenye nywele. Mchungaji aliketi nyuma akasikiliza hadi mwisho, na habari ya kuvunja kwaya hatukuisikia tena.

Mungu akutangulie huko Nairobi, wewe na wenzako.

Nyanya yako